Anveri

Babu yangu Kasongo, hamali wa gati la Wabelgiji hapa Kigoma,
alijua kusoma neno moja tu.
Lilipigwa chapa ya wino mweusi kwenye kreti alizobeba,
naye akilichora kwa kidole kwenye unga,
kwenye vumbi la Ujiji,
kwenye mgongo wangu nikiwa na homa:
A, N, V, E, R, S.
"Anveri," akisema. "Misumari huzaliwa huko."

Nimekwenda, babu. Siku tisa,
kwa nauli ya mdogo wangu Mwavita
anayefua mashuka ya hoteli.
Treni ikaingia chini ya dari refu kama la msikiti wa majitu,
na kibao kikasema ANTWERPEN.
Nikamshika mkono: "Tumepotea. Turudi."
Alicheka mpaka abiria wakageuka.
Mji ni mmoja, dada, majina mawili.
Kama wewe: Zuhura msikitini,
Mama Cherehani kwa wenye madeni.

Nilitembea kifundi,
nikitazama watu kuanzia upindo kwenda juu.
Kwenye jumba la mitindo wameweka gauni ndani ya kioo,
mishono yote nje, nyuzi zinaning'inia,
bega moja kama fundi aliitwa kula akasahau kurudi.
Gauni lile ningempelekea Mama Ntibona wa Gungu
angelidai pesa yake, na ya kitambaa,
na ya bodaboda kuja na kurudi.
Lakini nililirudia mara mbili.
Aliyelishona hakukosea hata tundu moja la sindano.
Alikuwa anaonyesha tunachokificha.

Kwenye jumba la picha, bibi mmoja wa miaka mia nne
amevaa kola pana kama sinia.
Nilihesabu mikunjo: sitini, upande mmoja tu.
Nikamwambia Mwavita, nisomee aliyeipiga pasi.
Akasoma mchoraji, akasoma mume wa bibi,
akasoma hata aliyetoa picha iwekwe pale.
Basi.

Mto wao una rangi ya chai ya maziwa,
unapanda na kushuka mara mbili kwa siku
kama mtu mwenye mkopo.
Nikalikumbuka ziwa letu, linalokaa pale ulipoliacha.

Uwanjani kuna sanamu ya mtu anarusha mkono uliokatwa.
Ni mkono wa jitu, wanasema, mambo ya hadithi,
na madukani wanauza biskuti zenye umbo la kiganja.
Mwavita akanunua boksi. Za lozi. Tamu, akasema.
Mimi nikamkumbuka bibi, aliyevushwa ziwa kutoka Manyema,
asiyependa kuulizwa
kwa nini baba yake alikula kwa kushoto.
Nikafunga boksi.
Si kila neno ni la kusemewa dukani.

Siku ya nane, nyuma ya ghala kuukuu karibu na gati,
rangi imekwanguliwa na mvua, matofali yameota ukungu,
nikaliona.
Herufi sita, zilezile, zimechoka.
Mwavita alikuwa kwenye simu.
Nikapitisha kidole juu ya A, polepole, mpaka S,
kisha nikaanza tena,
mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi.

Nimerudi. Cherehani iko palepale barazani,
inalia kama ilivyolia, mguu wake mmoja juu ya kigae.
Juzi nimejishonea gauni la Idi, kitenge cha buluu,
na mshono wa mgongoni nimeuacha nje,
pale kidole cha babu kilipopita.
Mama Ntibona akasimama na dumu lake la mawese.
"Zuhura, umevaa ndani nje."
"Najua."
Akanizunguka. Akaugusa, akauvuta aone kama utaachia.
Haukuachia.
"Na huo," akauliza, "unaongeza bei?"