Hodi ya Saa Nane

Fundi Lutonja alipanda kilima cha Isamilo na ngazi begani,
akatoboa ukuta siku nzima, akanywa chai yangu vikombe vinne,
akaniambia: Mama Milembe, kuanzia leo mlango huu una akili.
Nikamwuliza: za kutosha?
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nilikaa miaka ishirini na sita kwenye mizani ya kiwanda cha minofu.
Najua kitu chenye akili kinavyokosea gramu
kikakuapia hakijakosea.

Mlango ni zawadi ya binti yangu. Yuko Bremen.
Ameuweka kwenye simu yangu, ameuweka na kwenye yake,
na kila unapopanda, huko kwake inalia kengele ndogo;
kwa hiyo nikishuka Mwaloni kununua sato
Bremen wanajua kabla muuza sato hajajua.
"Mama, mbona umetoka mapema?"
"Mama, saa moja usiku hii, unakwenda wapi?"
Kumbe nilizaa mlinzi,
na mshahara analipa yeye.

Akili zenyewe ni hizi:
vijidudu vya ziwani vikiinuka, wingu zima,
kama moshi wa nyumba inayoungua mbali,
vinajibandika kwenye lile jicho jekundu karibu na sakafu,
na mlango unashuka nusu, unaona umati, unarudi juu.
Unashuka. Unarudi.
Nalowesha pindo la khanga kwa mate,
nalifuta jicho taratibu, kama la mtoto lenye tongotongo.

Halafu pimbi.
Yule mnene wa kwenye mawe nyuma ya tangi, asiye na haya,
amegundua kizingiti hubaki na joto jioni.
Anajilaza pale pale miale inapopita,
na mtambo wa Ulaya, na bei yake yote,
unampisha kama anavyopishwa mkwe.

Umeme ukikatika navuta kamba nyekundu,
nainua kwa mikono, kama zamani,
mgongo ukisema maneno ambayo sitayaandika.

Juzi, saa nane usiku, ulifunguka wenyewe.
Nilisikia mnyororo ukisaga, nikasikia mbwa wa kwa Bugomola,
nikashuka kitandani, mchi mkononi.
Hakuna mtu.
Taa ya gereji inawaka, gari limelala,
oili imedondoka duara moja dogo chini,
na nje, bondeni, katika giza lisilo na mwezi,
ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa,
mji mwingine uliohamia majini bila kutuaga.

Nikampigia. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.
"Kidole kiliteleza," akasema.
Kule ilikuwa saa sita, na theluji.
Vidole vile nimevikata kucha mimi,
havitelezi ovyo.
Sikumwambia hivyo. Nikamwuliza kama amekula.
"Mkate."
Mkate na nini?
"Mkate, mama."

Nikamwambia taa ni nyingi leo, kesho dagaa watashuka bei.
"Zihesabu," akasema.
Nikahesabu kwa sauti, nimesimama kizingitini na mchi wangu,
mwanamke mzima, bila viatu,
nikafika arobaini na kitu, nikapotea, nikaanza upya kutoka kushoto,
na yeye kimya, anapumua tu.
Taa ya gereji ikazimika; imepangiwa dakika nne na nusu.
Za ziwani zikaongezeka.

"Niufunge?" akauliza.

Ngoja kwanza, nikasema. Pimbi amelala kwenye jicho.

Pimbi hatoki mawéni usiku.
Naye analijua hilo, amekulia hapa,
amewarushia maganda ya ndizi akiwa na miaka mitano.

"Basi," akasema, "tusimwamshe."