Swali la Kumi na Moja

Fomu iko mezani kando ya bakuli la viazi vikavu,
imekandamizwa kwa chupa ya chumvi isipeperuke.
Jina: Wara Huallpa Laruta.
Umri: miaka kumi na sita na miezi kumi.
Mahali pa kuzaliwa: San Pablo de Tiquina, Bolivia.
Hadi hapo kalamu haikukwama.

Nchi yangu haina bahari.
Ilikuwa nayo, ikaipoteza vitani
kabla babu wa babu yangu hajaota meno,
na kila mwezi Machi tunapiga gwaride shuleni kuililia,
kama watu wanaopeleka maua
kwenye kaburi la mtu wasiyewahi kumwona.
Lakini jeshi la majini tunalo.
Cheka ukitaka. Mjomba Fausto hucheka hadi apaliwe:
"Tandiko tunalo, punda tulimpoteza!"

Mimi nimewaona alfajiri, ng'ambo ya mlango wa ziwa,
nilipompelekea Baba uji:
wasichana watatu katika safu,
mvuke ukiwatoka puani kama llama,
wakikunja kamba zilizoganda barafu
wala hawapulizi vidole.
Mmoja alikuwa Primitiva, binti wa muuza mkate,
yule aliyekuwa akinyamaza darasani hata akiulizwa jina.
Sasa anapaza sauti, na boti nzima inageuka.

Hilo ndilo lililonikaa:
sauti ya Primitiva, boti ikigeuka.
Bahari naweza kuingoja.

Mama anasema: mshahara, bima, pensheni.
Anavihesabu kwa vidole vinavyonuka samaki,
kisha anasema, na nani atakuoa?
kisha, kama aliyeona haya,
anachochea moto ambao haukuwa umefifia.

Swali la kumi na moja: Unajua kuogelea?

Nimekaa nalo tangu juzi.
Nimezaliwa hatua arobaini kutoka ziwani.
Nimefua humo, nimechota humo,
nimetapika humo siku niliyoiba pombe ya harusi.
Lakini maji yetu yametoka kwenye theluji,
yanauma kama mbwa asiyebweka.
Huku mtu haogelei. Mtu huanguka, basi.

Baba anavusha mabasi kwa pantoni ya mbao,
mwaka wa ishirini na mbili huu:
basi juu, upondo mkononi,
abiria wametangulia kwa mashua ndogo
wakiomba mizigo yao ifike mikavu.
Nikamwambia, Baba, nifundishe.
Akakaa. Akang'oa kibanzi kwenye kiganja,
akakitazama kama barua.
"Mimi pia sijui," akasema.
"Sijawahi kumwambia mtu."

Kila siku mara nane, miaka yote hiyo,
akiwapungia watalii wanaompiga picha.

Leo Jumapili tumeshuka wawili kabla mbwa hawajaamka.
Amevua kofia, viatu, saa ya marehemu kaka yake.
Amejifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akanifunga mimi,
na sijui ni nani kati yetu
aliyekusudiwa kumwokoa mwenziwe.
Maji magotini.
Maji mapajani, na Baba anatukana kwa Kiaymara
matusi ambayo sikudhani anayajua.
Maji kifuani. Pumzi inagoma kuingia,
imesimama mlangoni kama mgeni mwenye matope.
"Hesabu," anasema, meno yakigongana,
"hesabu mpaka ikubali."

Moja. Mbili.
Ng'ambo kule filimbi inalia, wanaamshwa.
Tatu. Nne, tano,
kamba inacheza kati yetu, nyepesi.
Sita.

Saba, na imekubali.
Nainua mguu mmoja kutoka kwenye tope.
Wa pili bado unafikiri.