Msikiliza Mabomba

Miaka ishirini na sita nililipwa kusikiliza.
Saa nane za usiku, bodaboda zimelala,
napita Kamwokya na fimbo ya chuma,
ncha moja kwenye lami, nyingine sikioni,
nikitafuta pale maji yalipoacha njia.
Bomba zima huguna. Lililopasuka
hufanya sss, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Langu sikulisikia.
Lilichanika Jumanne, nafunga valvu Nakulabye:
mgongo uliraruka kama kitenge,
mabegani hadi kiunoni.
Nikakaa juu ya koleo, nikalaumu mihogo ya jana.

Mulago, Daktari Nakiganda alinichorea
nyuma ya bahasha: ukuta wa mshipa mkuu
una matabaka; la ndani limefumuka,
damu imejipenyeza, imejichimbia mfereji.
Sasa una mito miwili, akasema,
wa kweli na wa uongo,
na wa uongo ndio unaonenepa.

Figo zako hazitastahimili rangi nyingi.
Tutaingiza sikio.

Sikio! Mrija mwembamba, na kichwani mwake
kitu kama punje ya mtama
kinachopiga ukelele na kungoja mwangwi.
Waliingilia kinenani. Sikulala kabisa;
niliona kwenye kioo duara la kijivu, giza katikati,
na lile tabaka lililochanika likipepea,
likipepea, pazia la kibanda cha chapati.

“Tuko ndani ya njia ya kweli?”
Adipa, kijana wa mashine, akauvuta mrija
nyuma, polepole, nami nikautambua mkono:
ndivyo ninavyokwenda na fimbo,
hatua, pumzi, hatua.
“Figo ya kushoto inanywea hapa.
Hapa nyembamba. Hapa…
ndiyo. Ya kweli.”
Ndipo wakapitisha bomba la kitambaa
lenye mbavu za chuma, likafunguka kama mwavuli.

Nikaomba nisikie. Sauti yenyewe.
Haisikiki, mzee, akasema Adipa,
iko juu mno kwa sikio la mtu.
Sisi tunaiona tu.

Hilo liliniuma kuliko kinena.

Sasa nimekatazwa koleo.
Usiku nalala ubavu, sikio kwenye mto:
gu, gu. Linaguna.
Kabasinguzi anauliza nasikiliza nini,
namwambia lala.
Lakini nje, kwenye kona ya kinyozi,
chini ya lami mpya,
kitu kinafanya sss.
Asubuhi nitawapigia simu.