Beseni la Kwenda Kimbiji

Tulibishana juu ya beseni tangu Tabata.
"Unakwenda baharini," Ambakisye akasema, "na beseni?
Mungu amekuwekea maji kutoka hapa hadi India,
wewe unabeba la plastiki, la buku tano."
Nikalipakia. Ndani yake nepi, chupa ya uji,
chandarua, kanga nne, dawa ya homa,
na kando yake Lusajo, miezi minane,
mwenye mizigo kuliko bibi harusi.

Picha ya kwenye simu ilikuwa na mchanga,
mweupe, kama sembe iliyochekechwa mara mbili.
Tulipofika tukakuta jiwe.
Jiwe jeusi, lenye matundu, lenye meno,
limetafunwa na maji mpaka nalo likajua kutafuna.
"Mchanga upo," akasema kijana wa funguo,
"unakuja maji yakitoka. Kesho, saa nne hivi."
Kama vile mchanga ni fundi bomba.

Usiku wa kwanza bahari haikulala,
na Lusajo akaona si adabu kumwacha mwenyeji macho peke yake.
Kila wimbi likigonga mwamba, puu!
mikono yake miwili juu, kama mtu aliyekamatwa,
kisha kilio.
Kufika saa tisa nilizijua nyufa zote za dari.
Ambakisye alikoroma kwa haki yake yote.
Nilimchukia kidogo.
Niseme kweli: si kidogo.

Asubuhi maji yakatoka kweli.
Yakaenda mbali, yakauacha mwamba uchi,
mwani umelala ubavu kama nywele zilizofumuliwa,
na vidimbwi, vidimbwi, kila kimoja na wingu lake.
Tukapata kimoja, ukubwa ni wa beseni.
"Unaona?" nikamwambia mume wangu.
Akatazama upande wa Zanzibar.

Maji yake vuguvugu, kana kwamba mtu ameyapima kwa kiwiko.
Nikamkalisha mwanangu humo, makalio kwanza.
Akashika pumzi, akanikazia macho
kama karani aliyeletewa barua isiyo na muhuri.
Halafu akapiga maji kwa kiganja. Pa.
Akasubiri yamjibu.
Yakamjibu, usoni.
Pa, tena.
Kaa mdogo akachungulia tunduni,
akaona serikali imebadilika, akarudi ndani.

Hatukuona maji yakigeuka.
Kidimbwi kilipumua, mara moja tu,
kisha ulimi wa baridi ukapita katikati yetu
na kofia ya mtoto ikaondoka nao.
Nikamnyakua. Nikakimbia juu ya meno yale,
kandambili moja huku, nyingine sijui,
mkono mmoja chini ya makalio, mwingine kisogoni,
na miguu, miguu sikuwa nayo.
Nilikuwa mikono tu.

Kwenye kibaraza, chini ya mivinje, nikamkagua:
vidole kumi, vidole kumi, magoti, masikio.
Mzima. Anacheka. Anataka kurudi.
Ni Ambakisye aliyeona nyayo kwenye saruji,
nyekundu, nafasi, nyekundu,
mpaka pale niliposimama.
"Nani ameumia?"
Nikamgeuza mtoto, nikamkagua upya.
Haikunijia kwamba na mimi nina damu.

Miezi minane mtu akiniuliza, "Hujambo?"
najibu: amelala. Amekula. Jino linatoka.

Ambakisye hakusema neno. Aliingia ndani
akarudi amebeba beseni,
maji ya kisima, na chumvi kwenye karatasi.
Akatia kijiko. Akaonja kwa kidole, akaongeza nusu.
"Bahari yote ile," nikasema,
"na wewe unatia chumvi kwa kijiko."
"Tulia," akasema. Akaushika mguu wangu
kama anavyoshika yai la mtu mwingine.

Lusajo akatambaa mpaka ukingoni,
akapiga maji yangu. Pa.
Akasubiri.

"Inauma," nikasema.