Chupa Kutoka Makó

Ulikuwa bawabu kabla hujawa wangu.
Ndani ya bakteria mmoja asiyeonekana kwa jicho
uliushika mlango wa jeni, ukaukalia,
na ilipopita aseniki ndipo ulipoachia
ili wenzako waamke waje kuitoa nje.
Kazi ya miaka isiyohesabika,
bila mshahara, bila jina.

Jina nimekupa mimi: Mia Mbili na Kumi na Saba.
Uniwie radhi. Wale mia mbili na kumi na sita
wamo kwenye friji, na wengi wao ni makapi.

Nilichofanya ni kidogo, nikikitaja naona haya.
Wewe ni uzi wa shanga,
uzi unaojikunja wenyewe bila kuelekezwa,
nami niling'oa ushanga mmoja, wa hamsini na nane,
nikatia mwingine, mnene kidogo.
Ikatosha. Kiganja chako kikajisogeza
kama mtu aliyekalia mguu hadi ukafa ganzi.
Mara ukapenda zinki. Mara hukupenda chochote.
Mara ukaganda chini ya mrija
kama yai lililosahauliwa jikoni,
na Vilmos, anayeosha vyombo vyetu na kujua kila jambo,
akauliza: “Leo tena chakula cha kuku?”

Miaka mitatu hivyo. Szeged ikajaa ukungu, ikajaa joto,
mto Tisza ukapanda hadi ngazi ya tatu, ukashuka.
Nilikula mkate na paprika nimesimama.
Wapo waliounda vimeng'enya vya kutafuna plastiki,
picha zao zikatundikwa kwenye korido.
Mimi nilitaka kitu kimoja tu:
penye sumu kiwake,
pasipo sumu kinyamaze.
Kunyamaza ndiko kugumu. Kelele anaziweza yeyote.

Alhamisi moja ya Novemba nikaja na chupa kutoka Makó,
kutoka pampu ya bibi yangu Piroska,
ile ya chuma, mpini umelainishwa na viganja vya vizazi vitatu.
Nilitaka maji safi ya kulinganishia.
Habari za visima vya tambarare yetu nilizijua, nani asiyezijua?
Lakini kisima cha bibi si kisima. Ni bibi.
Maji yaliyopika supu, yaliyoosha vitunguu,
yaliyonishusha homa nikiwa na miaka sita.

Ukawaka.
Kijani, wala si kikali,
kijani cha kitunguu kinachochipua gizani kabatini.

Vilmos akapiga kofi. Mtu akafungua pombe kali ya plamu,
ikamiminwa kwenye vikombe vya karatasi.
Imeweza! Mia Mbili na Kumi na Saba imeweza!
Nami nilicheka nao, ndiyo, nilicheka,
meno nje, tumbo la baridi.

Nilirudia mara nne.
Nikabadilisha mrija, nikabadilisha glavu,
nikakutukana.
Hukubadilika.
Ndivyo nilivyokulea: usimwonee mtu haya.

Jumapili nikamwambia. Alikuwa anamenya vitunguu.
“Maji haya haya?” akasema. “Babu yako aliyanywa maisha yake yote.”
Hakutaja viganja vya babu mwishoni,
vilivyoota magamba hadi vikakataa kukunja ngumi.
Mimi pia sikuvitaja.

Akainuka, akajaza glasi,
akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.
“Mbona yanang'aa,” akasema. “Mbona matamu.”

Nikakutoa mfukoni, umekaushwa kwenye kijikaratasi
kisichozidi ukucha wa kidole gumba,
nikakuchovya.
Tukasubiri, sisi watatu, dakika kumi na mbili,
sufuria likichemka bila mtu wa kuliangalia,
na bibi hakuiweka ile glasi chini.