Glavu ya Kidawa

Nilimnunua kwa Bi Enid Haigh, mtaa wa pili kutoka kwangu,
Huddersfield, mwaka ule theluji ilipogoma kuyeyuka hadi Machi.
Mini ya sabini na nne, rangi ya haradali iliyochacha,
paundi elfu mbili na mia tatu, ufunguo umefungwa uzi wa sufu.
"Anapenda kusemeshwa," akaniambia.
Nikadhani ni Kiingereza cha Yorkshire.

Nikamwita Kidawa, maana hanywi bila dawa:
petroli ya siku hizi haina risasi, naye kakulia kwenye risasi,
basi kila nikijaza tangi namtilia kichupa,
kwa kipimo, kama ninavyowapimia wagonjwa wa wodi ya saba.

Nina daftari. Usinicheke.
Silinda ndogo ya klachi, thelathini na nane.
Pampu ya maji, ishirini na sita,
na ngozi ya vidole vyangu, hesabu mwenyewe.
Grisi kila maili elfu tatu, chuchu nane,
magoti kwenye changarawe, bomba kama sindano ya ng'ombe.
Injini na giaboksi hula sinia moja,
mafuta yale yale; mmoja akiugua tumbo, mwenzake hutapika.
Kila alfajiri ananiachia sahihi nyeusi mlangoni.
Lascelles fundi anasema: siku asipovuja, ujue amekwisha mafuta.

Kisha kutu.
Kutu haina kelele.
Nilibonyeza kizingiti cha mlango kwa bisibisi, taratibu,
kama unavyobonyeza mguu uliovimba
uone kishimo kitakaa muda gani.
Bisibisi ikazama mpaka mpini.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta;
mimi nilijenga sakafu, mia sita na arobaini.
Lascelles aliinua zulia, akaiona lami.
"Sista," akasema, "ulikuwa umekalia imani tu."
Akachomelea siku mbili, cheche zikimrukia kofiani.

Hilali mwanangu hupiga simu kutoka Leeds:
"Mama, kwa pesa hizo ungepata gari lenye kiti cha joto."
Namjibu kwamba Kidawa kasamehewa kodi ya barabara
kwa ajili ya uzee wake.
Mimi nina sitini na moja na bado nakatwa.

Novemba, natoka zamu Halifax, kilima cha Ainley Top,
mvua ya ubavu, na lori likatupita
likatumwagia dimbwi zima usoni.
Aliyemsanifu aliiweka distribyuta mbele kabisa,
nyuma ya meno, pasipo hata shuka,
katika nchi hii, jamani, nchi hii!
Akakohoa mara mbili. Akazima.

Nilimtukana kwanza. Halafu nikamsemesha,
Kiswahili, kile cha kumbembeleza mgonjwa asiyetaka kumeza.
Mfukoni mwa koti nikapapasa: glavu ya buluu, haijavaliwa.
Nikakata ncha za vidole kwa mkasi wa plasta,
nikaikausha distribyuta kwa upindo wa sare,
tochi meno yakiishika, malori yakinipigia honi
kana kwamba nimekaa pale kwa starehe.
Nyaya nne za plagi, vidole vinne.
Waya wa koili, gumba.
Ukaenea, kama mkono ulioanza kukumbuka kazi.
Nikavuta choki.
Akaguna, akakataa, akaguna tena,
akawaka, akitetemeka mwili mzima.

Nyumbani, saa tano kasoro, viatu vimejaa maji,
nikafungua daftari: glavu, moja.
Upande wa bei nikakaa na kalamu.
Si yangu, ni ya wodi.
Nikaandika: deni.
Nje, chini ya taa ya mtaa, Kidawa anadondosha,
tone, anafikiri,
tone.