Nilikuwa Dubwana

Miaka tisa nilikuwa dubwana
kwa mshahara wa kila Ijumaa.
Ngozi ya mpira, kilo sabini na tano,
na zipu mgongoni, mahali mkono wangu haufiki.

Tokyo yetu ilikaa ghalani, karibu na mto Tama,
mji mzima wa plasta na mbao nyepesi,
ghorofa yake ndefu kuliko zote ikinifika kiunoni.
Aliyeujenga ni Chizuru,
mtu wa kununa, gundi hadi kwenye nywele.
Siku moja nikamkuta na kibano
akianika nguo kwenye roshani: soksi, nepi, shati la shule,
kila moja ndogo kuliko ukucha.
Mwongozaji akacheka. "Sekunde nne tu, kisha vumbi.
Nani ataziona?"
Chizuru hakuinua kichwa. "Anayezikanyaga."

Nikaziona.
Mguu ukaganda hewani, kipaza sauti kikanitukana.
Nikakanyaga. Kazi ni kazi.

Chini ya paa lililopasuka palikuwa na karatasi,
mwandiko wa penseli:
*Chini, Murozono, muuza tofu, ana mbio.
Ya pili, mapacha, na mama yao yuko zamu ya usiku.
Ya nne, Bibi Fusae, magoti mabovu.
Nani atambeba?*
Basi. Kila nyumba ilikuwa na karatasi yake.

Nami siku zote nilidhani filamu zetu zinahusu vifaru,
na ule mzinga wa umeme
ambao profesa huuleta dakika ya mwisho
watoto wakasimama juu ya viti.
Mzinga haujawahi kumpandia Bibi Fusae ngazi.

"Mbona humwandikii jibu?"
"Jibu halitengenezwi kwa plasta."

Ndani ya dubwana mna giza, na joto la tanuri.
Hewa ikiniishia nilipiga mkia chini mara mbili,
na Chizuru akaacha gundi yake akaja mbio.
Mwenye nguvu mpishe, husema watu;
yeye alinikimbilia.
Akashusha zipu. Akanipa maji,
yeye ambaye asubuhi ile nilimbomolea wilaya nzima,
kisha akarudi kuijenga, na nguo zake, na karatasi zake.

Mwezi uliopita ardhi ilitikisika, lifti ikagoma.
Mimi niko ghorofa ya sita,
na magoti yangu sasa ni ya Bibi Fusae.
Nikapiga sakafu kwa mkongojo mara mbili,
mazoea tu.

Mlango ukagongwa. Binti wa duka la baiskeli,
ambaye hata jina lake silijui,
ana karatasi mkononi, ana jina langu juu yake.
"Una kilo ngapi?"
"Zamani nilikuwa na nyingi zaidi."
Akageuka, akainama, akanipa mgongo,
si ule wa kuachwa,
ule wa kupandwa.